Maji Yaliyokata Barabara ya Katonga

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Novemba, maji yalikuwa yanakatisha barabara ya Katonga. Mvua ilikuwa imekoma tangu saa kumi na moja alfajiri, lakini maji bado yalikuja. Yalitoka upande wa kilima, yakapita juu ya lami na kuingia kwenye shimo kubwa, mita mia mbili kabla ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia.

Mwasiti alisimama kando ya shimo hilo. Alikuwa na magunia kumi na mawili ya dagaa wakavu wa kuuza. Ng'ambo ya shimo lilisimama lori la Adolf, dereva anayepeleka dagaa Tabora kila wiki.

"Habari za asubuhi, Mama Ummy," Adolf alisema kwa sauti kutoka dirishani.

"Nzuri, shemeji. Shuka basi tupakie."

"Nishuke wapi? Hilo si shimo, ni bandari. Nikiingia hapo, mtanivua kwa wavu."

Wapagazi walicheka, lakini wao ndio waliobeba magunia hadi kwenye lori. Gunia moja lilianguka majini. Dagaa wakavu wakilowa huwa hawauziki tena. Mwasiti alilitazama gunia hilo, kisha akamtazama Adolf.

"Sikiliza, Mama Ummy," Adolf alisema. Sasa hakuwa akitania. "Giza hili nimevumilia. Giza lijalo nikikuta barabara hivi, nitapakia mwalo wa Kibirizi. Dagaa ni wazuri huku, lakini lori ni la tajiri, si langu."

Katonga watu huhesabu siku kwa mwezi wa angani. Usiku wa giza, dagaa hufuata taa za wavuvi, na mitumbwi hutoka. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo huitwa mbalamwezi. Giza lijalo lilikuwa wiki tatu mbele. Katika wiki hizo Mwasiti alitakiwa kupata barabara, au kumpoteza mnunuzi wake mkubwa.

Mume wake, Sefu, alikuwa na mtumbwi mmoja na mashine moja. Aliposikia habari hizo, alichukua sepetu.

"Shimo ni kitu cha kufukia," alisema. "Mchanga tunao, ziwa zima."

Yeye na wenzake watatu walijaza shimo kwa mchanga wa ufukweni. Walishindilia kwa miguu. Ilipofika jioni, pikipiki zilipita bila shida, na Sefu alipongezwa na kila aliyepita. Usiku mvua ilinyesha tena. Asubuhi mchanga wote ulikuwa umerudi ziwani. Shimo lilikuwa limeongezeka upana wa kiganja kimoja.

"Ziwa limedai mchanga wake," alisema Leonia, jirani yao.

"Wewe cheka tu, Mama Meshack," Sefu alijibu. "Hata dagaa wako watabebwa kichwani."

Alhamisi saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja alishuka kutoka kwenye gari dogo karibu na shimo. Alivaa buti na kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Alikuwa na futi ya kupimia, kalamu na karatasi kwenye ubao. Aliwakuta Mwasiti na Leonia wakianika dagaa kando ya barabara.

"Habari za kazi, akina mama."

"Nzuri. Mwakeye!" Leonia alimsalimu kwa Kiha, kama anavyomsalimu kila mgeni, ili kumpima.

"Mwakeye," mgeni alijibu bila kusita. "Mimi ni Veneranda. Nyumbani ni Kasulu. Nakagua hali ya barabara za manispaa."

"Karibu, injinia," Mwasiti alisema.

"Mimi si injinia. Ni fundi sanifu. Injinia ana karatasi nyingi kuliko hizi."

Leonia hakucheka. "Mwaka juzi walikuja watu kama wewe. Wakapima, wakapaka rangi nyeupe kwenye lami, wakaenda. Rangi imefutika, shimo lipo. Na wewe umekuja na rangi?"

"Rangi ipo kwenye gari," Veneranda alisema. "Swali lako ni la haki. Nikimaliza kupima nitalijibu."

Alipima urefu, upana na kina cha shimo, akaandika. Kisha akatembea kando ya barabara, akitazama chini. Alitembea mita sitini, akarudi.

"Mtaro uko wapi?" aliuliza.

"Mtaro gani?" Mwasiti aliuliza.

"Barabara hii ilijengwa miaka ishirini na mbili iliyopita. Mchoro unaonyesha mtaro wa maji upande huu wa kilima. Unaonyesha pia kalavati, yaani bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Sioni mtaro, wala kalavati."

Mwasiti na Leonia walitazamana. Walikuwa wamesimama juu yake.

Dagaa wa Katonga huanikwa juu ya kokoto ndogo za ufukweni, kwa sababu kokoto hupata joto haraka. Kila mwanamke ana sehemu yake, na mipaka ni mawe makubwa ambayo hakuna anayeyagusa. Ufukwe ulipojaa, baadhi yao walipanda hadi kando ya barabara. Walilijaza bonde refu lililokuwapo hapo kwa mchanga na kokoto, wakalisawazisha. Mama mkwe wa Leonia ndiye aliyeanza. Mwasiti alikuwa ameirithi sehemu yake kwa mama yake mdogo. Hakuna aliyekuwa ameiita mtaro.

"Hapa ni kiwanja changu cha kuanikia," Mwasiti alisema polepole. "Nina miaka tisa hapa."

"Nimekuelewa," Veneranda alisema. "Nipatie ndoo ya maji. Mbili, kama zipo."

Watu walianza kusogea. Sefu alikuja na ndoo mbili. Veneranda alipanda nazo hatua thelathini juu, mahali mtaro ulipokuwa bado wazi. Alimwaga maji taratibu. Maji yaliteremka katika mtaro, yakafika kwenye kokoto za Leonia, yakasimama. Kisha yakakata kushoto, yakapanda juu ya lami, yakaingia moja kwa moja kwenye shimo.

Veneranda aliinama kwenye ukingo wa shimo. Alishika kipande cha lami kwa vidole viwili na kukinyanyua kama chapati. Chini yake palikuwa na tope.

"Lami ni paa tu," alisema. "Gari halibebwi na paa. Linabebwa na kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake. Udongo huo ukilowa, unalegea. Gari likipita, paa linabonyea. Lami inapasuka, maji yanaingia zaidi. Shimo hili halikuchimbwa na lori, limechimbwa na maji. Lori limemalizia."

"Na mchanga wangu?" Sefu aliuliza.

"Mchanga wako ulikuwa unaogelea tu, kaka."

Watu walicheka, na Sefu akacheka nao.

"Basi wewe ziba shimo kwa lami," Leonia alisema. "Serikali ina fedha. Au ijenge barabara mpya kabisa."

Veneranda aliweka karatasi zake juu ya boneti ya gari.

"Tuanze na fedha. Fedha za kutunza barabara zinatoka wapi?"

"Dodoma," alisema mtu mmoja.

"Zinapita Dodoma. Zinatoka kwenye mafuta. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini, sehemu ya bei yake inakwenda kwenye Mfuko wa Barabara. Mfuko huo unagawa fedha nchi nzima. Kuna wakala wa barabara kuu na za mikoa, zile ndefu zinazounganisha miji. Kuna wakala mwingine wa barabara za wilaya na manispaa, kama hii yenu."

Sefu alinyanyua mkono. "Ngoja. Mimi sina gari. Lakini mashine ya mtumbwi wangu inakunywa petroli kila usiku wa giza. Na mimi nalipia barabara?"

"Kila lita."

"Kumbe!" Sefu aliwageukia wenzake, kifua mbele. "Barabara hii ni yangu!"

"Ni yako," Veneranda alisema. "Na umeizibia mtaro."

Safari hii kicheko kilifika hadi mwaloni. Leonia mwenyewe alilazimika kufunika mdomo kwa kanga.

Veneranda alisubiri watulie. "Sasa sikilizeni upande mgumu. Barabara nyingi zilijengwa karibu wakati mmoja. Kwa hiyo zinazeeka pamoja. Mahitaji ya kila mwaka ni makubwa kuliko fedha zilizopo. Ndiyo maana tunakagua na kupanga. Barabara ikiwa nzuri, tunaisafisha tu. Ikiwa ya wastani, tunaiwekea viraka na kuzibua mitaro, na inaishi miaka mingine. Ikiwa mbaya kabisa, inatakiwa kujengwa upya. Gharama yake ni mara nyingi zaidi, na inasubiri zamu. Zamu inaweza kuwa ndefu."

"Na yetu ni ipi?" Mwasiti aliuliza.

"Leo ni ya wastani. Mvua za miezi miwili zikipita juu ya lami hivi, itakuwa mbaya."

"Basi andika kiraka leo," Leonia alisema.

"Siandiki. Kiraka hakikai ndani ya maji. Nikiandika kiraka hapa wakati mtaro umezibwa, fedha za umma zitakwenda ziwani kama mchanga wa kaka huyu. Labda hata waliokuja mwaka juzi waliona hivyo, ila hawakuwaambia. Hilo ndilo jibu la swali lako, mama. Mlitakiwa kuambiwa."

Mwasiti aliuliza swali moja. "Mtaro ukiwa wazi, utaandika?"

"Kuna kikosi cha viraka kinafanya kazi Bangwe mwezi huu. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Nitaandika nitakachokiona. Mtaro ukiwa wazi, nitaandika wazi. Siahidi zaidi ya hapo."

Jioni hiyo, nyumbani, Mwasiti alimgeukia Sefu.

"Nikitoa kiwanja, nitaanika wapi?" alisema. "Ufukwe umejaa. Nikibaki nacho, Adolf anakwenda Kibirizi. Dagaa wakiwa wakavu bila mnunuzi, ni chakula cha bata."

"Kibirizi wao wanaanika wapi?"

Mwasiti alinyanyua kichwa. "Wengine wanaanika juu ya chanja. Fito nne, wavu juu. Nimewaona. Sisi tulisema ni mbwembwe."

"Wavu chakavu ninao, umekaa nyuma ya nyumba."

Kesho yake Sefu alisimika chanja moja nyuma ya nyumba, mbali na barabara. Ilifika kiunoni. Mwasiti aligawa dagaa wa beseni moja sehemu mbili sawa. Nusu aliwatandaza kwenye kokoto, nusu juu ya chanja. Aliwageuza kwa saa zilezile. Saa nane mchana, dagaa wa chanja walikuwa wamekauka, kwa sababu upepo uliwapata juu na chini. Wa kokoto walikauka saa kumi.

Alimwita Leonia, akampa wa kokoto kwanza. Leonia alitafuna. Mchanga ulisikika kati ya meno, kama kawaida. Kisha akampa wa chanja. Leonia alitafuna mmoja, akachukua mwingine, kisha akachota kiganja kizima.

"Hawa hawana mchanga."

"Hawana."

"Miaka yote tumekula ufukwe," Leonia alisema, akaendelea kutafuna. "Sawa. Lakini sitoi kiwanja peke yangu. Tukitoa, tunatoa wote kumi na mmoja, siku moja. Mmoja akibaki, maji yatasimama kwake na lawama itakuwa yetu sote."

Lilikuwa jambo sahihi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe, aliitisha kikao Jumapili alasiri. Wanawake kumi na mmoja wenye viwanja barabarani walikuja. Mwasiti alipitisha sahani mbili za dagaa na hakueleza mengi. Sahani ya chanja ilirudi tupu.

"Shikamoo, Mzee," alisema mmoja wao. "Chanja ni sawa. Tutaziweka wapi?"

"Marahaba. Nyuma ya ghala la zamani kuna eneo la mtaa. Ni wazi na lina upepo. Kila mmoja atapata urefu uleule aliokuwa nao barabarani. Tutapima kwa kamba moja, mbele ya wote."

"Na nani atachimba huo mtaro?" mwingine aliuliza. "Mita sitini!"

Hapo Sefu alisimama. "Jumatano mbalamwezi inaanza. Sisi wavuvi tutakuwa nyumbani. Mbalamwezi tunafanya nini? Tunapandisha mitumbwi na kuitia kalafati. Tunaziba mianya kabla maji hayajaingia. Hakuna anayengoja mtumbwi uzame ndipo anunue mpya. Sasa barabara nayo tunailipia kwa petroli. Siku mbili za mbalamwezi hii, kalafati iwe ya barabara."

"Umekuwa injinia, Sefu?" kijana mmoja alimtania.

"Fundi sanifu," Sefu alijibu. "Injinia ana karatasi nyingi."

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi walianza kazi. Wavuvi ishirini na wanne walichimba. Wanawake walibeba kokoto zao kwa mabeseni na kuzirudisha ufukweni. Mawe ya mipaka yalipangwa kwenye kingo za mtaro ili udongo usiporomoke. Mtaro ulitoa vitu vingi: ndala kumi na tatu, zote za mguu wa kushoto, sufuria isiyo na kitako, na redio iliyojaa mchanga. Sefu alizungusha kitufe chake na kusema taarifa ya habari inachelewa.

Alhamisi saa nne, sepetu ya mvuvi mmoja iligonga zege. Walifukua kwa mikono. Lilikuwa kalavati. Mdomo wake ulikuwa mzima, lakini umejaa mchanga hadi juu. Waliutoa mchanga huo kwa ndoo zilizofungwa kamba, upande huu na upande wa ziwa. Saa tisa na nusu Sefu aliinama mdomoni, akachungulia. Upande wa pili Leonia naye alikuwa amechungulia.

"Nakuona, Baba Ummy!" Leonia alipiga kelele ndani ya bomba.

"Na mimi nakusikia hata bila bomba!"

Usiku wa Alhamisi mvua kubwa ilinyesha kwa saa mbili. Saa kumi na mbili asubuhi, karibu mtaa wote ulikuwa barabarani kabla ya chai. Maji yalikuwa yanateremka ndani ya mtaro, yanaingia kwenye kalavati, na kutokea upande wa ziwa. Juu ya lami hapakuwa na mkondo. Ndani ya shimo palikuwa na maji ya mvua yaliyotulia, kina cha kidole.

Veneranda alifika saa tatu. Alitembea mita sitini akiwa na futi. Alipima kina cha mtaro mahali sita, akapiga picha ya kalavati. Watu walimfuata nyuma, kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Mahali pawili hapajateremka vya kutosha," alisema. "Hapa, na pale. Maji yatatuama. Chimbeni sentimita kumi zaidi."

Sepetu zilianza kabla hajamaliza sentensi. Aliandika kwa dakika chache, kisha akawasomea: "Mtaro uko wazi. Kalavati linafanya kazi. Uharibifu wa lami uko mahali pamoja. Panafaa kuwekewa kiraka katika matengenezo ya kawaida."

"Na barabara nzima?" Mzee Mwinshehe aliuliza.

"Barabara nzima imo kwenye orodha ya kuwekewa lami mpya. Haina tarehe, Mzee, na siwezi kuwapa tarehe ambayo haipo. Lakini mtaro ukisafishwa kila mara, barabara hii inaweza kuingoja hiyo zamu ikiwa hai."

"Tutausafisha kila mbalamwezi," Mwasiti alisema. Mzee Mwinshehe aliliandika hilo kwenye daftari la mtaa, pamoja na majina ya watakaoanza.

Veneranda alifungua gari, akatoa kopo la rangi nyeupe. Alichora mstari kuzunguka shimo.

"Rangi hiyo!" Leonia alisema.

"Hii inakionyesha kikosi mahali pa kukata," Veneranda alisema. "Kama hawajafika kabla haijafutika, nipigie simu." Akamwandikia Leonia namba yake.

Leonia hakuhitaji kupiga. Siku ya tano kikosi cha viraka kilikuja kutoka Bangwe. Walikata lami kwa kufuata mstari, wakatoa tope lote, wakajaza kokoto tabaka kwa tabaka. Kila tabaka walilishindilia kwa mashine. Lami ilikuja mwisho kabisa. Sefu alisimama hapo tangu asubuhi hadi walipomaliza, akiwahesabia tabaka kwa sauti, mpaka msimamizi akampa kofia ngumu avae.

Giza liliingia. Usiku wa kwanza mitumbwi ilirudi imejaa. Chanja za nyuma ya ghala zilikuwa nyeupe kwa dagaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya nne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, lori la Adolf lilipita juu ya kiraka bila kupunguza mwendo na kusimama mwaloni. Adolf alishuka, akachota dagaa kwenye gunia la Mwasiti, akatafuna, akatafuna tena.

"Mmewaosha?"

"Tumewapandisha kitandani," Mwasiti alisema. "Pakia, shemeji."

Saa nne kasoro dakika tano, Adolf akiwa bado anafunga turubai, lori la pili liliteremka. Lilikuwa la bluu, na hakuna aliyelijua. Dereva alitoa kichwa dirishani, akasema jana alionja dagaa wa Katonga sokoni, akauliza hao wasio na mchanga wanapatikana kwa nani.

Wanawake kumi na mmoja walinyanyua mikono.